Usiku wa Kuamkia Ntheo

Katika filamu ya From Up on Poppy Hill hakuna anayepigwa, hakuna jini na hakuna anayepaa. Msichana wa shule ya upili anaamka kabla ya wenzake, anasuka nywele zake, anatengeneza maua mbele ya picha ya baba yake, anapika wali, anakaanga mayai, kisha anatoka uani na kupandisha bendera mbili kwenye mlingoti. Bendera hizo huwatakia mabaharia safari njema. Baba yake alikuwa nahodha, na meli yake ilivunjwa na bomu la baharini wakati wa vita vya Korea. Msichana huyo, Umi, hupandisha bendera zake kila asubuhi. Chini bandarini, ndani ya boti la kuvutia meli, kuna mvulana anayeziona na kumjibu kwa bendera zake mwenyewe, ila Umi akiwa pale uani hawezi kuyaona majibu hayo. Mapenzi yao yanaanzia hapo, kwa salamu zinazofika upande mmoja tu, na kwa muda mrefu hayaendi mbali zaidi.

Studio Ghibli ya Japani iliitoa filamu hii Julai 2011. Aliyeiongoza ni Goro Miyazaki, na baba yake, Hayao Miyazaki, aliandika hadithi pamoja na Keiko Niwa. Inachukua dakika 91. Nyumbani kwetu Kathonzweni, Makueni, ilichukua usiku mmoja na sehemu kubwa ya siku iliyofuata, ikala sufuria ya chakula cha wageni na nusura ivunje uchumba wa mdogo wangu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia ntheo. Kwa Wakamba, ntheo ndiyo nguzo ya ndoa: mbuzi huletwa na upande wa mwanamume, wakachinjwa na kuliwa kwa utaratibu, na kabla ya hapo binti hajawa mke wa mtu hata kama ana watoto watano. Mahakama za Kenya zimeikubali kwa miaka mingi kuwa kielelezo cha ndoa ya Kikamba. Wageni wetu walikuwa watoke Mutomo, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Nyumba ilikuwa imejaa: susu, ambaye ni mama wa marehemu baba yangu, mama, shangazi, baba mdogo, ambaye sasa ndiye msemaji wa ukoo, wifi yangu, mwenyeji wa Kilifi, mpwa wangu wa kidato cha tatu aliyekuwa likizoni, na mdogo wangu mwenyewe, bibi harusi, ambaye tangu jioni alikuwa akizunguka vyumbani bila kutulia.

Yeye ndiye aliyeomba filamu. Mpwa alikuwa nazo nyingi kwenye flashi, na baba mdogo alitaka mojawapo ya zile zilizotiwa sauti na DJ Afro, anayejulikana nchi nzima kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake cha mbio, risasi zikilia na yeye akilia nazo. Mdogo wangu alikataa. Alisema anataka ile ya bendera, aliyoitazama peke yake chuoni kwa visikizi mara nyingi, na anataka tuitazame pamoja naye kabla hajatoka katika nyumba hii. Ombi la namna hiyo, usiku wa namna hiyo, halikataliwi. Maneno ya filamu yalikuwa ya Kijapani na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikapewa kazi ya mkalimani: Kiswahili kwa ajili ya wifi, na Kikamba pale susu anapoinua kidole.

Kazi hiyo ilinifundisha jambo kuhusu filamu yenyewe. DJ Afro hana nafasi ya kunyamaza kwa sababu filamu anazozichagua hazinyamazi. Hii ina vipande virefu ambavyo hakuna la kutafsiri. Umi anakata kabichi. Maji yanachemka. Watu wanateremka ngazi mmoja mmoja na kuketi mezani. Nilipokosa la kusema, waliosema ni waliokaa nami. Mama alitazama kile kiamsha kinywa na kuuliza mama wa msichana yuko wapi. Nikamjibu kwamba yuko Marekani, anasoma. Basi mama akasononeka waziwazi. Akasema mtoto huyu anawapikia wapangaji wa nyanya yake, anawaandalia wadogo zake, anakwenda shule na kurudi kupika tena, na mzazi yuko ng'ambo na vitabu! Wifi akamtetea yule mama asiyeonekana. Alisema mwanamke aliyeachwa na watoto watatu baada ya bahari kumchukua mumewe ana haki ya kusoma, na kwamba yeye mwenyewe alilelewa na nyanya kule Kilifi mama yake alipokuwa akifanya kazi Ghuba, na hakupungukiwa na kitu. Mama akanyamaza. Wamekaa nyumba moja miaka kadhaa, na sidhani kama alikuwa ameambiwa hilo kabla.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo filamu za kimya zinapowashinda wengi. Vijana wetu wanaopenda katuni za Kijapani huzitazama kila mmoja na simu yake, kisha wakazipima: hii ni polepole, hii haina mwisho mzuri, hii inaliza. Hukumu hizo zina nafasi yake. Lakini filamu iliyoacha nafasi wazi inahitaji watu wa kuijaza, na watu hao wakiwa wa umri tofauti huijaza kwa mambo ambayo kijana peke yake hawezi kuwa nayo.

Shangazi, kwa mfano, hakujali mapenzi hata kidogo. Jicho lake lilikuwa kwenye jengo. Shuleni kwa Umi, mjini Yokohama, kuna nyumba kuukuu ya vilabu vya wavulana, vumbi limejaa hadi darini, na wakubwa wanataka kuibomoa wajenge mpya. Umi anashauri isafishwe, na wasichana wanaingia kwa mafagio na ndoo, wavulana wanapanda juu ya paa, vioo vinapigwa maji, mbao zinapakwa rangi. Shangazi aliinuka kitini. Alisema hiyo ni mwethya, na alikuwa na haki ya kuitambua, kwa kuwa nusu ya maisha yake ameyatumia katika mwethya. Ni kwa vikundi hivyo vya kusaidiana ambapo watu wa Makueni na Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu ya msimu: ukuta wa mawe na saruji unakingamishwa mtoni, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga huo jua lisiweze kuyafikia. Shirika la Utooni limefanya hivyo Ukambani tangu miaka ya 1970, na shirika la SASOL limefanya upande wa Kitui. Shangazi amebeba mawe ya kuta hizo kichwani. Alipowaona wasichana wa Yokohama wakipitishiana ndoo kwa mstari, alisema kwa sauti kwamba jengo hilo haliwezi kubomolewa sasa, kwa kuwa kilichosafishwa na watu wengi kina wenyewe.

Shangazi ndiye aliyekuwa na zamu ya sufuria. Muthokoi wa wageni ulikuwa nje, kwenye mafiga ya jiko la uani: mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi yakatoka maganda, yakachanganywa na maharagwe, yachemke polepole hadi usiku wa manane. Alikuwa akitoka kuongeza maji na kurudi. Baada ya ndoo za Yokohama kuanza kupitishwa, hakutoka tena.

Baba mdogo, aliyekuwa amegeuzia kiti ukutani kwa kukosa DJ Afro, aligeuka alipoona kwenye filamu kwamba ni mwaka wa 1963 na Tokyo inajiandaa kwa Olimpiki ya mwaka unaofuata. Mambo ya riadha ameyahifadhi yote. Akawaeleza kina mpwa kwamba katika michezo hiyohiyo, Tokyo 1964, Wilson Kiprugut alishinda nishani ya shaba katika mbio za mita 800, na hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, nchi haijatimiza mwaka tangu uhuru wa Desemba 1963. Kisha akasema Wajapani anawajua. Kule Kitui, kwenye kituo cha utafiti wa misitu, walikuwako tangu miaka ya 1980 wakifundisha upandaji wa miti, na baadaye wakasaidia kuchagua mbegu bora za mukau, mti wetu unaostahimili ukame na kutoa mbao nzuri. Ile safu ya mikau iliyo nyuma ya zizi ilitokana na mafunzo ya kituo hicho. Tangu hapo akaitazama filamu kama mtu anayetembelewa na jamaa wa marafiki zake.

Kuna mahali ambapo mvulana, Shun, anampakia Umi kwenye baiskeli na kushuka naye mlima hadi sokoni kununua nyama, kisha anamnunulia andazi la viazi, na basi. Hakuna neno la mapenzi. Mdogo wangu alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu wakati huo wote. Susu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu mwanzo, aliinua kidole na kuuliza: huyu kijana ni wa ukoo gani?

Swali hilo lilifika mapema kuliko filamu yenyewe ilivyolitaka. Muda si muda Shun anaonyeshwa picha ya vijana watatu wa baharini. Mmoja ni baba yake Umi, Sawamura. Na Shun anajua, kwa karatasi za serikali, kwamba aliyemwandikisha yeye kuwa mwanawe ni Sawamura huyohuyo. Baadaye alikabidhiwa kwa mtu wa boti, Kazama, na mkewe, waliokuwa wamefiwa na mtoto wao. Kwa hiyo yeye na Umi ni ndugu kwa baba. Shun anajitenga. Umi anaumia asijue kosa lake, mpaka anaambiwa. Wanakaa kimya, kila mmoja upande wake, na filamu haiwaharakishi. Kisha usiku mmoja, kwenye kituo cha tramu, Umi anamwambia waziwazi kwamba anampenda, hata kama ni ndugu yake. Na Shun anamjibu kwamba naye ni hivyohivyo.

Nilikitafsiri kipande hicho kwa Kiswahili, kisha, kwa kuwa kidole kilikuwa juu, kwa Kikamba. Wifi alishika mdomo. Mama aliangalia chini. Umi akarudi nyumbani, akakuta mama yake amefika kutoka Marekani, akaanza kuuliza.

Stima ikapotea.

Giza lilipotuingilia, harufu nayo ikaingia. Kumbe ilikuwa mlangoni kitambo, ila macho yalikuwa yameizuia pua. Shangazi alipiga ukelele na kutoka mbio, nasi nyuma yake na tochi za simu. Maji yalikuwa yamekauka, muthokoi umeshika chini weusi hadi katikati ya sufuria, na uliobaki juu ulikuwa umenywa moshi wote. Sufuria hiyo ilikuwa ya kikundi cha kina mama, ile kubwa ya harusi na matanga. Mama alijaribu kuuokoa wa juu kwa mwiko, akauonja, akautema. Chakula cha watu zaidi ya arobaini kilikuwa kimekwenda, na wageni walikuwa wavuke Athi alfajiri. Shangazi aliketi kwenye jiwe na kulia, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa sote tulikuwa ndani.

Tulirudi sebuleni kwa taa ya mafuta. Ingetazamiwa tuzungumze chakula. Tulizungumza Shun na Umi. Filamu ilikuwa imekatikia mahali pabaya kuliko pote, na mdogo wangu, ambaye yeye na mpwa pekee ndio waliojua mwisho, aliombwa auseme. Alikataa. Alisema anataka kwanza kusikia sisi tunasemaje. Nilimshangaa usiku huo. Sasa naelewa kwamba hilo ndilo alilokuwa amelipanga tangu alipoiomba ile filamu.

Baba mdogo alianza. Alisema damu ni damu: mtoto wa Sawamura ni wa Sawamura hata akilelewa mwezini, na wale wawili wameliingia jambo ambalo Ukambani huleta maafa kwa vizazi. Wifi alisema kijana amelelewa na Kazama, amekula kwa Kazama, anaitwa Kazama, naye hakujua. Baba mdogo akasema kutojua hakubadilishi mbaĩ, yaani ukoo. Na hapo, kwa kuwa giza humfungua mtu mdomo, akaongeza kwamba hata hawa wageni wa kesho, kuna neno amelisikia sokoni na limemnyima usingizi.

Neno lilikuwa hili. Sisi ni Aombe. Wageni wetu ni Anzauni, na Mwombe na Mwanzauni huoana bila shida. Lakini baba wa kijana anayemposa mdogo wangu, ilisemekana, aliingia Mutomo akiwa tumboni mwa mama yake. Mimba ilitoka upande huu wa Athi, kwa mtu wa Aombe. Basi kwa damu kijana ni wa mbaĩ yetu, na kesho tungekula mbuzi wa ndugu kwa ndugu.

Mdogo wangu hakukana. Alisema aliambiwa na kijana mwenyewe, mwaka uliopita, na kwamba amelibeba tangu hapo. Kisha akatoka nje, mama akamfuata, na sebule ikabaki na wazee, taa na televisheni isiyo na uhai.

Susu ndiye aliyezungumza. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

Alisema: “Mimi nilizaliwa baba yangu akiwa amevaa kofia ya serikali. Hakuniona. Alipelekwa Mombasa, akapandishwa meli, meli ikazama. Chifu alikuja na karatasi. Mama alikuwa msichana bado. Hakurudi kwao. Alikaa katika nyumba ya baba, kwa kuwa mbuzi wake walikuwa wameliwa, na akazaa wengine watatu. Hakuna aliyeuliza walitoka wapi. Wote ni wana wa mtu aliye chini ya bahari. Wameitwa jina lake, wamerithi shamba lake, wamemzika mama pamoja nami. Wewe unayesema damu, hao ni wajomba zako. Kesho uwaambie si wajomba?”

Baba mdogo hakujibu.

Meli hiyo tunaijua jina. Ni Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kuelekea Colombo, Sri Lanka ya leo, ikiwa na askari karibu elfu moja wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa njiani kwenda vita vya Burma, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Majina ya askari wa kikosi hicho yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, kwa kuwa kaburi lingine hawana. Susu alipelekwa huko na marehemu baba yangu, akapapasa herufi kwa kidole.

Mpwa wangu alimuuliza, kwa adabu, kama anajua waliozamisha meli ni Wajapani, watu walewale waliotengeneza filamu hii. Alijua. Akauliza naye kama nyambizi hiyo ilirudi kwao. Nikamweleza kwamba meli za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara ziliizamisha siku hiyohiyo, na karibu wote waliokuwa ndani walikufa. Susu akasema basi nako Japani kuna watoto walioletewa karatasi, na kwamba yule msichana wa bendera ni rika lake. Hesabu yake ilikuwa sawa. Mwaka 1963, Umi akiwa shule ya upili, susu alikuwa binti wa miaka ishirini, ameolewa karibuni, katika wilaya iliyokuwa bado ikiitwa Machakos.

Kisha akatoa hukumu yake, juu ya filamu na juu ya nyumba kwa pamoja. Yule wa boti alimchukua mtoto kwa mikono miwili mbele ya mkewe na kumpa jina. Mtoto ni wa boti, na msichana wa bendera si dada yake. Na yule wa Mutomo, kama mzee wa Anzauni alitoa mbuzi kwa ajili ya mama akiijua mimba, basi kilichozaliwa ni Anzauni. Kesho wageni waulizwe hilo moja tu, na waulizwe kabla kisu hakijatolewa.

Usiku uliobaki ulikuwa wa kazi. Majirani waliamshwa. Nyumba moja ilitoa debe la ndengu, nyingine unga wa ngano. Wifi alitoa nazi alizokuwa ameleta kutoka Kilifi kwa matumizi yake mwenyewe, akasimamia jiko hadi kukapambazuka, na shangazi akamkunia nazi bila kuinua kichwa. Mimi na mpwa tuliisugua sufuria ya kikundi kwa mchanga na majivu. Stima haikurudi.

Wageni walifika jua limepanda, na mbuzi wao. Baada ya salamu baba mdogo alisimama na kuuliza, kwa lugha ya mafumbo kama inavyotakiwa, kama kuna mti uliopandikizwa katika shamba la Anzauni, na kama mwenye shamba alijua mbegu. Palikuwa kimya. Mzee wao mkubwa akasimama kwa fimbo. Alijibu bila mafumbo kwamba mama huyo aliingia kwao na mimba, kwamba mwenye boma aliitangaza mbele ya wazee, na kwamba mbuzi waliotolewa waliongezwa kwa sababu hiyo, ili tumbo nalo lihesabiwe. Akasema yeye alikuwa kijana mchunga mbuzi, na mbuzi hao aliwaswaga kwa mkono wake. Susu akatikisa kichwa kukubali. Kisu kikatolewa. Chapati na ndengu za nazi zililiwa mpaka watu wa Mutomo wakauliza upishi huo ni wa wapi, na wifi akaitwa mbele aonekane.

Stima ilirudi alasiri. Televisheni, ambayo hakuna aliyekuwa ameizima, iliwaka yenyewe sebuleni, na wazee wa pande zote mbili, waliokuwa wamekwisha kusimuliwa kisa chote cha usiku, wakataka kuona mwisho. Ikabidi tupange watu. Mama na kijana hawawezi kukaa chumba kimoja, kwa heshima ya mkwe na mama mkwe. Televisheni ikageuzwa kuelekea dirishani. Mama na kina mama wenzake wakatazama wakiwa nje, kijana na wazee ndani, nami nikasimama katikati nikipaza sauti kwa pande zote mbili.

Mwisho wenyewe ni huu. Mama yake Umi anaeleza kwamba Shun si mtoto wa Sawamura. Baba yake halisi alikuwa rafiki, Tachibana, aliyekufa katika meli iliyokuwa ikiwarudisha watu baada ya vita. Mama yake alikufa akimzaa, na jamaa walikuwa wameangamia kwa bomu la Nagasaki. Sawamura alimwandikisha kuwa wake ili asipotee katika nyumba ya yatima, kisha akampa Kazama amlee. Mtu wa tatu katika ile picha, Onodera, sasa nahodha, anawathibitishia vijana yote hayo juu ya meli yake. Si ndugu. Bendera zinapandishwa tena.

Mdogo wangu na mchumba wake hawakutazamana, ila wote wawili walikuwa wakifuta macho. Kina mama dirishani walipiga vigelegele. Baba mdogo alisimama na kusema kwamba filamu imemuunga mkono: hata huko ilikotoka, kilichotafutwa hadi mwisho ni damu.

Susu hakufurahi. Alisema jambo lilikuwa limekwisha. Kijana alikuwa na baba aliyemlea, na hilo lingetosha, kwa nini wakamtafuta mwingine aliyekufa ili wapate ruhusa? Mimi niko pamoja naye. Nimeipenda filamu hii kwa bendera zake, kwa kabichi yake, kwa kile kituo cha tramu ambapo vijana wawili wanasema ukweli bila kujua kama wataokolewa, na naamini ilikuwa na ujasiri mkubwa mpaka hapo. Kumleta nahodha aje na habari njema kulikuwa kuukwepa ujasiri huo. Kazama, mtu wa boti, ndiye baba mwenye kazi kubwa kuliko wote watatu, na filamu inampa dakika chache mno. Mpwa wangu alipinga. Alisema bila mwisho huo hakuna mtu Japani angekubali waoane, na kwamba susu anaihukumu kwa sheria za Ukambani. Susu akamjibu kwamba sheria nyingine hana.

Kisha mzee wa Mutomo akauliza ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Sawamura ndiye aliyemwandikisha kijana. Kama Shun atamuoa Umi, watu wake watawapeleka mbuzi nyumba gani? Nyumba ya Sawamura, ambayo karatasi zinasema ni kwao? Mtu anaweza kujilipia mahari mwenyewe? Baba mdogo akasema Kazama ndiye atatoa na mjane wa Sawamura ndiye atapokea, kwa kuwa Sawamura alipompa Kazama mtoto alikuwa ameyafuta maandishi. Mzee akasema maandishi hayafutwi kwa kumpa mtu mtoto kulea, lazima pawe na mashahidi. Baba mdogo akasema shahidi alikuwapo, yule wa tatu kwenye picha. Dereva wa wageni alikuwa amekwisha kuwasha gari na kupiga honi, maana giza lingewakuta kabla ya mto. Wazee wakapandishwa, mlango ukafungwa, na baba mdogo, ambaye hakuwa amemaliza hoja yake, akaufungua, akaketi kando ya yule mzee, akaondoka nao hadi sokoni Kathonzweni wakiendelea.